Nta Chini ya Ukucha

Okello alijaribu vitu vitatu vya kunatisha karata mbili zionekane moja. Nta ya mshumaa ilibanduka upesi, na gundi ya viatu haikuachia kabisa. Nta ya nyuki kutoka kijiji cha Natta, iliyolainishwa kwa mafuta ya kupaka, ilishika na kuachia alivyotaka. Akaificha chini ya ukucha wa dole gumba, akaenda machimboni Nyamongo kuonyesha kiini macho.

Hakujua kwamba huko wezi hutumia nta ya ukuchani kunasa vumbi la dhahabu kwenye meza ya mnunuzi. Kabla hajachanganya karata, Nchagwa, mnunuzi wa dhahabu, alimshika mkono.

"Mzee, ukucha huu unafuga nini?"

Wachimbaji wakawazunguka. Mmoja akasogea na sururu.

Okello akachomoa karata zake. Siri ya mchezo wake alikuwa amemficha hata mkewe Awino. "Ni ya karata," akasema, akazinatisha mbili na kuzibandua mbele yao wote.

Nchagwa aliikwangua ile nta, akaigeuzageuza juani akitafuta chembe inayong'aa. Hakuiona.

"Kumbe ni mwongo tu, si mwizi," akasema. "Haya mzee, cheza."

Lakini Okello alipozichanganya, bila nta na mbele ya watu waliokwisha kuijua siri yake, karata zilimponyoka zikamwagika.