Mla Vivuli Alitoka Kinyumenyume

Kitendawili. Nina wageni wangu, hawali wala hawanywi. Nikifungua dirisha wanatoweka, nikishusha pazia wanarudi, na wakirudi huja na meno. Ni nani hao?

Usiniambie mbu. Mbu anakula, tena anakula bila kukaribishwa. Usiniambie ndoto, maana ndoto hunijia hata mchana kweupe nikiwa nashona vifungo. Umeshindwa? Basi nipe mji. Haya, mji nimeupokea, nimekwenda nimekaa, wenyeji wake wamenipenda sana, na sasa nakupa jibu: ni sinema. Lakini si sinema yoyote. Nazisema zile anazoonyesha mjukuu wangu kila Jumamosi alasiri ukutani mwa sebule yetu, ambazo mwenye akili zake timamu akizichungulia mara moja huuliza nyumba hii ina matatizo gani.

Mjukuu wangu tunamwita Popo, kwa kuwa tangu utotoni akiingia chumbani kitu cha kwanza ni kuzima taa. Kazi yake ni kusaga vioo vya miwani, ghorofa ya juu kabisa ya jengo moja la maofisi. Projekta aliyo nayo ilikuwa imetupwa. Jicho lake lilikuwa na ukungu kama la mzee. Akalichomoa, akalisugua kazini saa ya mapumziko mpaka likaona. Picha tunaitupia kwenye shuka langu la zamani lenye kiraka katikati, kwa hiyo kila apitaye mle ndani, awe mfalme, awe mchawi, ana kiraka changu tumboni.

Filamu zenyewe huzipati kwa jirani. Popo anazisaka kama wengine wanavyosaka dawa ya mgongo. Kuna ya malkia aliyefuga ukungu wa mkate mpaka ukala ikulu nzima. Kuna ya kabati linalotembea na kumeza waume. Zinasema lugha za mbali ambazo hapa kwetu hakuna azijuaye. Popo husoma maandishi ya chini na kututafsiria, na akichoka tunajijazia wenyewe.

Mkamwana wangu, yaani mama yake Popo, ni muuguzi. Yeye huwa anasema hana nafasi ya upuuzi. Hupita sebuleni na kapu la nguo, akiona mtu anakatwa kichwa husema damu haimwagiki hivyo, hiyo ni sharubati, kisha huyo anakwenda zake kuanika. Ila nimechunguza, Jumamosi hupita mara nyingi kuliko nguo zilizomo kapuni.

Sasa, mwanamume akaingia katika habari hii. Sisi tunamwita Fundi Lifti, maana ndiyo kazi yake. Walikutana lifti ya jengo lao ilipokwama na Popo yumo ndani, peke yake, gizani. Fundi akafika, akampigia kelele kupitia mlangoni kwamba asiogope. Popo akamjibu haogopi, anajisimulia filamu. Basi wakati anafungua vyuma, Fundi akasimuliwa habari za lile kabati linalomeza waume, na mlango ulipofunguka binti akamlaumu kwamba kamkatiza alipokuwa amefika patamu. Fundi akasema tangu siku ile kila akipanda ngazi zake anamkumbuka.

Kijana mzuri. Mpole, anajua kusalimia, mfuko wa shati una tochi na kucha zina grisi isiyotoka. Hakuzunguka mbuyu. Siku moja, mbele yangu, alimuuliza Popo kama anaweza kuleta wazee wake waje kuzungumza nasi. Popo hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alimwambia aje kwanza Jumamosi.

Mimi nilimtaka kijana yule aingie nyumbani mwetu, sifichi. Popo ni mke mwenzangu, ndivyo tunavyotaniana bibi na mjukuu, na mke mwenza akipata mume mwema nami nanufaika. Tena nilijua Popo anampenda. Siku za kuja kwake alikuwa anapangusa projekta mara mbili.

Jumamosi ile Fundi akakaa karibu nami kwenye kochi. Popo yeye hukaa nyuma yetu, penye mashine. Malkia wa ukungu hajafika hata mlangoni nikasikia mto wa kochi unanyongwa. Nikageuka. Kijana amefumba macho kama mtoto anayetiwa dawa ya matone.

Baadaye alinifuata jikoni kuniomba radhi. Alisema yeye anaweza kuning'inia ghorofa ya nane huku anakula mkate, lakini zile sura hawezi, zinamwingia mifupani. Akanisihi nisimseme. Akanisihi na jingine pia: niwe namsimulia filamu kabla hajaja, ili ikifika saa ya chai asiwe bubu. Maana nyumba hii ina sheria yake. Filamu ikiisha, taa zinawashwa, na kila mtu kabla hajanyanyua kikombe hutaja pale palipompendeza. Asiyetaja hanywi.

Nikamkubalia. Mambo yakaenda vizuri. Alikuwa anakaa, anafumba, na saa ya chai anasema maneno ya busara, Popo anatabasamu.

Kosa lilikuwa dogo tu. Mimi, mwenzio, filamu naijua mwanzo na mwisho. Katikati nalala.

Filamu anayoipenda Popo kuliko zote inaitwa Mla Vivuli. Zimwi lake limeshonwa kwa zulia la manyoya na nyuzi za kufutia sakafu, macho ni taa za baiskeli. Linakaa katika kinu kibovu cha kusagia unga, linakula vivuli vya watu, na mtu aliyeliwa kivuli hunyauka. Karibu na mwisho linaingia nyumbani kwa mjane kula kivuli cha mwanawe mchanga. Linasimama pale, linamtazama mtoto, linamtazama mama. Halili kitu. Linatoka kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka nje ya mlango, na haliwapi mgongo hata mara moja. Haielezwi ni kwa nini. Popo ameitazama tangu yuko shule na hajachoka.

Nami nilimsimulia Fundi kama nilivyoijua. Zimwi likaja kijijini, likala vivuli, likampenda mjane, wakaoana, wakafungua duka la mikate. Sikumdanganya. Duka nililiona kwa macho yangu, mpaka na rafu zake. Sikujua tu kwamba wakati huo nilikuwa nakoroma.

Saa ya chai ikafika. Fundi akajikohoza, akasema, "Kwangu mimi, pale walipofungua duka la mikate. Paligusa sana."

Mama Popo alikuwa mlangoni na kapu lake. Akaliweka chini, akajishika kiuno, akacheka hadi machozi yakamtoka. Popo hakucheka. Akamuuliza duka gani. Fundi, maskini, akaendelea, akaeleza na harufu ya mikate. Kisha akaniona uso wangu.

"Ulikuwa umefumba macho," Popo akasema.

Fundi akakiri kwa kichwa.

"Basi nijibu moja tu. Kwa nini Mla Vivuli alitoka kinyumenyume?"

Kijana akajaribu kuliokoa jambo kwa mzaha wa nyumba yetu, akasema ameshindwa, anatoa mji. Popo akamwambia mji hautaki, anataka jibu. Fundi akasimama, akaniaga kwa adabu, akaondoka. Kikombe chake kikabaki kimejaa, kikaota utando.

Nilimfuata Popo anakokunja shuka. Nikamwambia kosa ni la bibi yake na usingizi wake, mwenzie asamehewe. Akasema hakasiriki kwa woga. Woga ndio raha yenyewe, mtu asiyeogopa anatazama nini? Akanikumbusha yule bwana wa kwanza kutaka kumposa, karani, aliyecheka filamu nzima tangu jina mpaka mwisho, akielekeza kidole: ona zulia, ona uzi. Yule alikuwa na macho wazi lakini hakuwapo. Na huyu yupo lakini kafumba macho.

"Bibi," akaniambia, "mtu aliamka asubuhi akachukua zulia la mama yake akasema, leo hili ni zimwi. Wenzake hawakumcheka, wakamshikia taa. Mimi nataka mtu wa kunishikia taa. Huyu nilidhani ndiye."

Na alipogeuka kuweka shuka kabatini nikaona anajifuta pua. Nikajua nisipofanya kitu, kijana amekwenda, na Popo atakaa na mazimwi yake kwa kiburi mpaka apate mvi kama zangu.

Siku ya kazi nikajifunga, nikaenda kwenye lile jengo. Chini pamewekwa kibao: lifti inatengenezwa. Mlango wazi, ndani shimo, na juu kwenye kiza tochi inacheza. Nikaita. Akateremka kwa ngazi ya chuma kama mjusi, akanipa shikamoo, akapangusa ndoo akanikalisha juu yake. Alikuwa amekonda, au labda ni giza.

Sikumlaumu. Nilimuuliza tu siku ya kwanza aliingiaje katika shimo lile, hakuogopa? Akasema aliogopa mpaka akatapika. Fundi aliyemfundisha alimwambia asitazame chini wala juu, atafute nati iliyo mbele yake aishike. Akishaishika hiyo, atafute ya pili. Akimaliza nati zote atakuta amezoea.

"Mume wangu," nikamwambia, maana mume wa mjukuu ni wangu pia, "na zimwi nalo limefungwa kwa nati. Tafuta moja uishike."

Akauliza kama Jumamosi kuna filamu. Nikasema filamu ipo siku zote, wanaokosekana ni watazamaji.

Jumamosi akabisha hodi. Popo alikuwa anatundika shuka, hakumfukuza, hakumkaribisha. Fundi akaomba kama inawezekana iwekwe tena Mla Vivuli. Kisha hakuja kwenye kochi. Alikaa chini mkekani, karibu kabisa na shuka, karibu kiasi kwamba mwanga wa zimwi ulikuwa unamwangukia magotini. Mama Popo akaja na kapu tupu, akaketi juu yake bila kutoa sababu. Mimi nilishika mkononi bilauri ya maji baridi, nikisinzia tu yanimwagikie, na yalinimwagikia mara kadhaa, lakini katikati ya filamu nikaiona kwa mara ya kwanza maishani. Ni nzuri. Hakuna duka la mikate, lakini ni nzuri.

Zimwi lilipochungulia kutoka kinuni Fundi alirusha miguu akakaribia kulipiga teke shuka langu. Lakini macho hakufumba, nilikuwa namvizia. Alikuwa ananong'ona peke yake: uzi, taa ya baiskeli, kifungo, uzi. Kidogo kidogo kunong'ona kukaisha. Zimwi lilipoingia kwa mjane alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi, kama mtoto anayehadithiwa, na nati zote amezisahau.

Linatoka kinyumenyume. Mlango unafungwa.

"Rudisha hapo," akasema. "Tafadhali."

Popo akarudisha. Fundi akainuka, akaenda mpaka kwenye shuka, kivuli chake kikaingia ndani ya picha kikasimama na mjane na mwanawe. Akaomba irudishwe tena. Halafu akaweka kidole chenye grisi ubavuni mwa zimwi, pembeni kidogo ya kiraka changu, mahali ambapo manyoya yalikuwa yamepanuka.

"Zipu imekatika," akasema taratibu. "Inaonekana hapa, linapoingia. Angegeuka, mgongo wote ulikuwa wazi, wangemwona mtu aliyemo ndani. Hawakuwa na zulia lingine. Basi akaingia hivyohivyo, akaogopa hivyohivyo, akatoka bila kugeuka ili wenzake wasiharibikiwe." Akasogeza kidole mpaka kwenye uso wa mjane. "Na yule mama haigizi, nadhani. Yeye ndiye anayeuona mgongo kwenye kile kioo kilicho ukutani nyuma ya zimwi. Tazama anavyobana midomo. Anamfichia siri."

Popo akatoka nyuma ya mashine. Akasogea mpaka pua yake ikakaribia shuka, macho yake ya kusagia miwani akayakaza. Miaka yote ile alikuwa akiamini ni heshima tu ya zimwi kwa mama mwenye nyumba. Akatazama zipu, akatazama midomo ya mjane. Akaanza kucheka, kicheko kile cha chini ambacho nilikuwa sijakisikia tangu kikombe kilipoota utando, na Fundi naye akaanza, na mama Popo juu ya kapu lake akauliza sasa kichekesho ni nini, kisha akasema hebu rudisheni na yeye aone.

Nikawasha taa. Nikaleta chai. Kila mtu akataja pake. Mama Popo alisema yeye alikuwa anapita tu, lakini kama ni kutaja, basi ni yule mtoto, kwa sababu walimshika kichwa vizuri, anavyotakiwa kushikwa. Mimi nilitaja katikati yote. Fundi akasema pake ameshasema. Akanyanyua kikombe, na safari hii akakinywa mpaka mwisho, akakigeuza juu chini kwenye kisahani, akashika tochi yake kujiandaa kwenda. Hakuuliza kitu. Nadhani aliona haya kuuliza mara ya pili.

Popo alikuwa amepiga magoti anakunja waya wa projekta, ametupa mgongo.

"Waambie wazee wako waje," akasema bila kugeuka. "Ila waje Jumamosi alasiri, na wajue kwamba pazia tutashusha."