Siku ya Kufungua Zabuni ya Sweta

Majuma yalikuwa yamepita mama yake Nelima hashiki simu.

Kila jioni, akishatoka kazini Kitale, Nelima aliketi chumbani mwake na kupiga namba ya Myanga, kule Bungoma, akaiacha ilie mpaka ikatike. Kusema kweli hakuwa na la maana la kumwambia mama. Alitaka tu simu isogezwe kwenye mdomo wa Nakhumicha, binti yake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kushika maneno. Mara ya mwisho alikuwa amesema "maji." Sasa huenda alishafika kwenye "ng'ombe," na aliyemzaa hayupo kusikia.

Mawazo yalimla. Labda mama amechoka kulea. Labda ameona binti anayeacha mtoto mchanga, akaenda kusoma na kukaa ofisini, hafai tena kuitwa mama. Alipompigia jirani yao Jotham, alijibiwa kwa kicheko: "Wako sawa, bana! Mtoto amenona hadi hana shingo. Mama yako yuko bize na kufuma tu."

Nelima alikuwa karani wa ununuzi katika shirika la misaada lililowagawia akina mama wa miteremko ya Mlima Elgon vitu vya kumpokea mtoto: beseni, shuka, sabuni. Safari hii walikuwa wametangaza zabuni ya sweta za watoto wachanga, maana kule juu baridi haina huruma. Siku ya kufungua, sanduku la chuma liliwekwa mezani, wafanyabiashara wakajaa kwenye viti vya plastiki, na Jepkoech, mkuu wa ununuzi, akatazama saa.

Mlango ulipokaribia kufungwa, akaingia mama mmoja anahema, bahasha mkononi, mtoto mgongoni. Aliitumbukiza bahasha sandukuni, kisha akawasalimia wanakamati mmoja mmoja. Alipofika kwa Nelima alinyoosha mkono, macho ameyapeleka ukutani.

"Habari ya asubuhi, madam."

Alikuwa Agneta, mama yake mzazi.

Nelima aliupokea mkono, akaitikia, "Nzuri." Nyuma ya bega la mama, Nakhumicha alikuwa macho, ananyonya pindo la leso aliyobebewa. Alikuwa ameota meno. Nywele zake zilikuwa zimekua, zimefungwa juu kwa uzi mwekundu. Alimtazama Nelima kama anavyotazamwa mtu yeyote tu, kisha akageukia dirisha.

"Tuanze," Jepkoech alisema. "Kwanza lile swali letu. Kwenye kamati, nani ana jamaa kati ya hawa walioleta zabuni? Mume, shemeji, mtu wa nyumbani? Aseme kabla sijafungua sanduku."

"Mimi jamaa zangu wote ni ng'ombe, madam," alisema Kipsang wa stoo, na watu wakacheka.

Kutoka viti vya nyuma, Agneta alimtikisia Nelima kichwa, kidogo sana. Usiseme.

Akinyamaza, mama angerudi Myanga na mtoto, amemwita madam, na yeye ameitikia. Akisema, huenda asiongezewe mkataba wake uliokuwa unaelekea kuisha, na bila kazi hii hapangekuwa na nyumba ya kumleta Nakhumicha. Pale nyuma mtoto alipiga chafya. Nelima akajikuta amesimama.

"Mimi ninaye. Yule ni mama yangu. Na huyo wa mgongoni ni mtoto wangu."

"Si nilisema!" mzee mmoja mwenye duka la nguo aliruka. "Tenda imeshapikwa nyumbani, sisi tumeitwa kuosha sufuria!"

"Kuna bahasha umeona imefunguliwa? Basi kaa, mzee." Jepkoech akamgeukia Nelima. "Ulijua analeta zabuni?"

"Sikujua, madam."

"Toka mezani. Zabuni hii hutaigusa tena. Judy, chukua kiti chake. Hayo mengine tutaongea."

Agneta alimfuata hadi barazani, amewaka. "Umeniharibia, Nelima! Chama chetu kizima cha akina mama kimefuma sweta mpaka vidole vinauma, wewe unasimama kututangaza!"

"Mama, mbona hushiki simu?"

"Niishike vipi? Katibu wetu alitusomea masharti: anayeomba tenda asiongee na mtu wa ofisi, atatupwa nje. Na wewe si ndiye mtu wa ofisi? Nikasema wacha tuvumilie. Ikilia, namwonyesha mtoto: huyo ni mama anapiga. Anaibusu, halafu tunaiacha ilie."

Nelima alishika nguzo ya baraza. "Nilidhani umenichoka."

"Nikuchoke? Wee! Masomo yote hayo, na bado unafikiria ujinga." Lakini sauti ilikuwa imeshuka, na Agneta alimfuta shavu kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayefuta masizi.

Ndani Jepkoech alikuwa ameanza kusoma bei kwa sauti. Agneta aligeukia mlango, akamgeukia mtoto, akageukia mlango tena.

"Wakisoma yetu nataka kuwa humo nisikie mwenyewe." Akafungua fundo la leso. "Shika."

Nakhumicha alilia mara tu mgongo ule ulipomtoka. Alijinyoosha, akasukuma kifua cha Nelima kwa viganja vyote viwili. Alikuwa mzito kuliko Nelima alivyomkumbuka, ananuka maziwa na moshi wa kuni.

"Pole, mayi, pole mama. Kukhu anarudi, bibi anarudi. Ameingia hapo tu."

Jina la chama cha Myanga lilisomwa, ikafuata bei, lakini Nelima hakuisikia. Mtoto alikuwa anamaliza kilio kwa kwikwi shingoni mwake. Aliponyamaza hakumtazama. Alikazia macho mlango alioingilia bibi. Ila mkono mmoja ulikuwa umeikamata kola ya blauzi, pengine kwa kuogopa tu kuanguka, na Nelima alisimama vilevile, hata mguu hakubadilisha, mkono ule usije ukaachia.