Hewa ya Verlon

Verlon Stamper alikuwa mbishi tangu akiwa na mapafu mazima. Mapafu yaliliwa na vumbi la mgodi wa makaa, ubishi haukuguswa. Aliingia dukani kwa Denver Slone akiburuta mtungi wake wa oksijeni wenye magurudumu, mrija puani, mkewe Oleta nyuma yake kama askari anayesindikiza mahabusu.

"Mzee Verlon! Leo umekuja na mbwa?" Denver alitania, akiutazama mtungi.

"Habweki huyu, ila anakula kuliko wewe."

Shida ilikuwa kindi. Walikuwa wamehamia darini wanatafuna nyaya za umeme, na Verlon, ambaye bonde lote lile la Kentucky lilijua shabaha yake, alibaki kuwasikiliza kutoka kitini. Bunduki yake ya zamani ya upepo ilitaka kukunjwa kwa nguvu kabla ya kila risasi. Mara ya mwisho alipojaribu, midomo iligeuka buluu. Tangu hapo hali chakula vizuri, hasemi vizuri. Oleta angemnunulia hata mzinga, ilimradi ainue kichwa.

Denver aliweka bunduki mbili mezani. "Hizi unazijaza hewa kwanza, kisha unapiga weee, bila jasho. Ya mbao ni nzuri, ila bei yake itakuuma. Hii ya plastiki ina sura mbaya lakini kazi inajua, na haitaki hewa ya kutisha. Pampu ya mkono inaitosha."

"Sura mbaya nimeizoea, huwa najinyoa." Verlon aliiweka begani. Mgongo ukanyooka. Oleta alikuwa hajauona umenyooka hivyo tangu majira ya baridi.

"Na pampu?" Denver aliuliza.

"Ya nini? Hewa ninayo nyumbani. Mitungi imejaa kona nzima."

"Ahaa, hewa ya kawaida, ile wanayobeba zimamoto mgongoni! Basi umemaliza kazi."

Verlon akakohoa.

Oleta alijua ni mitungi gani. Kwao hakuna aliyesema oksijeni. Ilikuwa niletee hewa, hewa imekwisha, mtu wa hewa kaja. Na mtu wa hewa huyo alimkataza Verlon hata kupaka mafuta ya mgando puani, yasije yakashika moto. Akisema hapa, anamvua mumewe nguo mbele ya kijana wa watu. Akinyamaza je?

"Denver," alisema, "anasema hiyo ya puani."

Denver aliirudisha bunduki mezani taratibu. "Mzee, hapana. Oksijeni ukiishindilia humu, tone la grisi tu linatosha. Italipuka. Itaondoka na uso wako, na mama akiwa pembeni, na yeye pia."

"Hewa ni hewa," Verlon alisema, kwa sauti iliyokwisha kushindwa.

"Siyo hiyo, mzee."

Akamgeukia mkewe. "Si ungeningoja garini, mwanamke!"

"Ningekungoja, halafu nikuokote vipande vipande?"

Denver alileta pampu ya mkono, ndefu, ya kusimamia kwa miguu miwili. Wote watatu waliitazama, na wote walijua nani hataweza kuisukuma. Oleta akaibeba mwenyewe hadi garini.

Kesho yake barazani Oleta aliinama juu ya pampu, akainuka, akainama, nywele zikimganda usoni. Verlon alitazama milima.

"Inatosha."

"Mshale wa kipimo haujafika kwenye kijani."

"Nimesema inatosha, Oleta!"

"Na mimi nimesema haujafika."

Kindi alikuwa ametulia juu ya mti wa jozi, anajikuna kama mwenye hati ya kiwanja. Verlon akalenga. Akafyatua kabla pumzi haijamtulia. Risasi ikapita pembeni. Ya pili nayo. Akaendelea kufyatua, meno yameumana, hata kindi alipokwisha kuondoka, mpaka hewa ikaisha na bunduki ikakohoa kama yeye mwenyewe.

Akailaza mapajani.

"Umechoka?" aliuliza, bila kumtazama.

"Sijachoka," Oleta alidanganya, mkono kiunoni.

Verlon aliurekebisha mrija puani. Kisha akamsogezea bunduki.

"Basi jaza."