Majina Mawili ya Yaniris

Mimi ndiye niliyeharibu, na nalisema mapema mwenyewe ili mtu asije akanisemea. Miaka kumi na tisa nimekaa mapokezi ya shule yetu hapa Lawrence, Marekani, simu mkono wa kushoto, kahawa mkono wa kulia, na hakuna karatasi ya mwanafunzi inayokwenda chuo kikuu bila kupita kwangu. Shule yetu ni ya mkataba: mzazi halipi kitu, watoto huingia kwa bahati nasibu, na ahadi yake ni moja tu, kwamba kila anayemaliza hapa anakwenda chuo kikuu. Kila mmoja! Ijumaa moja ya mwezi wa tano wanaomaliza hupanda jukwaani mbele ya wazazi wote, kila mtu anataja chuo anachokwenda, na ukumbi mzima unapiga kelele. Mimi hulia kila mwaka, wala sioni haya.

Mwaka huu, Jumatatu ya wiki hiyo, Yaniris aliingia ofisini, akasimama akichezea kamba ya mkoba wake.

"Shangazi Miladys, naomba unitoe kwenye orodha ya Ijumaa."

"Nikutoe? Una wazimu? Wewe uliyewaburuza wenzako hesabu miaka minne?"

"Nitasema naumwa."

"Utamwambia nani, Zunilda? Mama yako huyo ninayemjua mimi? Kaa chini, mtoto, kabla sijapandisha presha."

Akakaa. Akatoa barua iliyokunjwa mpaka ikachakaa. Ilitoka Ashgrove, chuo alichokililia tangu yuko darasa la tisa, na ndicho pekee kilichokuwa na ufadhili wa kumlipia kila kitu. Vyuo vingine viwili vilimkubali bila msaada, na kwa mtoto wa Zunilda hiyo ni sawa na kukataliwa. Barua ilikuwa fupi: maombi yake hayakujadiliwa, kwa sababu alama zake za shule hazikufika. Wiki tano mtoto ameificha chini ya godoro, akiona aibu kana kwamba ameiba.

"Hazikufika? Nilizituma mwenyewe mwezi wa kumi na mbili!"

Nikafungua kompyuta nimwonyeshe. Zilikuwepo, zimetumwa, tarehe na saa: Yaniris Peguero.

"Wewe kwenye fomu yako uliandika jina gani?" nikamuuliza.

"Langu. Yaniris Peguero Almonte."

Ee Mungu wangu. Sisi Wadominika, watu wa Jamhuri ya Dominika, tuna majina mawili ya ukoo, la baba kisha la mama, na Wamarekani hutazama la mwisho tu. Maombi yake yalikaa kwa Almonte, alama zake zikakaa kwa Peguero. Vyuo vile vingine viwili viligundua ni mtu mmoja, lakini huko Ashgrove kulikuwa na Yaniris wawili, mmoja ana insha hana alama, mwingine ana alama hana insha, na wote wawili wametupwa pembeni. Nilipokuja nchi hii walinicheka kwa urefu wa jina langu, nikalikata, nikaona nimejanjaruka. Tangu hapo nawakatia na watoto wa watu. Wenzake wote niliwaambia wakate jina la pili kwenye fomu, wakanisikia. Huyu hakulikata, na mimi sikuangalia.

Nikapiga simu Ashgrove. Wakasema nafasi zimefungwa, poleni sana. Nikaona simu haitoshi, itabidi twende.

Kwanza lakini nilipaswa kumkabili Zunilda. Nilimkuta dukani kwake anakaanga pastelito, sambusa zetu za nyumbani, uso unang'aa mafuta. Nikamweleza yote bila kupunguza. Alizima jiko, akajifuta mikono taratibu, na utulivu ule ndio ulionitisha.

"Jina ulilolikata ni la nani, Miladys?"

"Lako."

"Baba yake aliondoka mtoto ana miezi minane. La kwake ukaliacha, la kwangu mimi ukalitupa."

"Nisamehe, dada."

"Hayo baadaye. Kesho alfajiri washa gari."

Jumanne saa tatu asubuhi tulikuwa Ashgrove, watu watatu mbele ya kaunta: mimi, Zunilda na Yaniris. Kijana wa pale alikuwa na adabu zake. Alisikitika mara nne. Ya tano sikumpa nafasi.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi ni karani kama wewe. Nimekosea, na kosa langu nimelileta mwenyewe, hiki hapa cheti cha kuzaliwa. Fungua faili hizo mbili uziweke pamoja, kisha uniambie unaona wasichana wangapi."

Akazifungua. Akatazama huku, akatazama huku. Tabasamu lake likaisha, akanyanyuka, akarudi na mkubwa wake, bibi mmoja mwenye miwani shingoni. Yule bibi alisoma insha amesimama, kisha alama, kisha insha tena. Akatuambia kamati itakaa Ijumaa asubuhi na kwamba hawezi kuahidi chochote. "Lakini nitapiga simu mwenyewe," akasema. Njiani kurudi hakuna aliyefungua redio.

Ijumaa ikafika. Orodha ya jukwaani naichapa mimi, kwa hiyo Yaniris sikumtoa, nikamweka wa mwisho kabisa, simu ipate muda. Mkuu wetu, Bwana Tierney, akaishika akiikodolea macho.

"Miladys, mbona Peguero yuko chini ya Zapata?"

"Kwa sababu nimemweka hapo."

Ananijua. Akaondoka na karatasi yake.

Nikabaki na simu. Ukumbi uko ng'ambo ya korido, na kila jina lilinifikia kwa kelele zake, moja baada ya jingine, nami nahesabu. Walikuwa arobaini na mmoja. Kwenye ishirini na sita simu ikalia, nikairukia. Baba wa mtu anauliza aegeshe gari wapi!

"Barabarani!" nikamwambia, nikakata.

Thelathini na tatu. Thelathini na nane. Nilimwomba Bikira Maria, Mama yetu wa Altagracia, nikamwomba tena, nikaanza kumgombeza. Arobaini ilipopigiwa makofi simu ikalia, na sauti ilikuwa ya yule bibi. Alisema maneno machache. Nadhani nilimshukuru, sikumbuki.

Nilikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, kilo zangu hizi, kisigino kimoja cha kiatu kikabaki mlangoni. Nilipousukuma mlango wa ukumbi Yaniris alikuwa tayari mbele ya kipaza sauti, ameinamisha kichwa, na watu mia tano wanamsubiri kimya. Midomo yake ilikuwa imeanza kufunguka, na najua alichotaka kusema, alitaka kuomba radhi.

"Umepata!" nikapiga kelele kwa Kihispania. "Umepata, mtoto! Wanalipa kila kitu!"

Akaniangalia. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mimi ni Yaniris Peguero Almonte," akasema, "na nakwenda Ashgrove."

Jamani! Mabibi walisimama juu ya viti, kuna mzee alirusha kofia na hakuiona tena, wenzake arobaini wakamvamia jukwaani kwa machozi na vicheko. Nami nilikuwa nimekaa sakafuni, kiatu mkononi, nalia kwa sauti, furaha imenizidi nguvu.

Zunilda hakupiga kelele. Alitoka kwenye safu yake akiwa amevaa gauni lake la kanisani, akaja mpaka nilipokaa, akanivuta mkono nikasimama. Kisha akanipita, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Tierney. Miaka minne mwanamke huyu hajatamka neno la Kiingereza ndani ya shule ile. Kila kikao Yaniris ndiye aliyemtafsiria, naye mama mtu huitikia kwa kichwa akiangalia viatu vyake. Sasa alimshika mkuu wa shule kwenye kiwiko, akamwonyesha jukwaani kwa kidole, na kwa Kiingereza chake mwenyewe, kwa sauti iliyofika mpaka safu ya nyuma, akasema, "Yule ni binti yangu."