Sekunde Ishirini Stesheni

Bomu lilikuwa limefumua paa la stesheni, na jua la asubuhi lilishuka taratibu hadi kwenye reli, likibeba vumbi. Ofisi kuu ya reli ilinituma nipige picha. Kwa picha hiyo wangeamua kuijenga stesheni upya au kuifunga. Shangazi yangu, muuza tiketi, sasa aliuzia juu ya kreti, na abiria walipita kando ya vifusi kama watu wanaoota.

Kamera yangu ya zamani ilitaka lenzi iachwe wazi sekunde ishirini. Nilisafisha picha ya kwanza kwenye stoo ya mizigo, nikamwonyesha shangazi.

“Mwanangu, watu wangu umewapeleka wapi?”

“Anayetembea haonekani, shangazi. Kamera hii mvivu.”

“Wakubwa wakiona pako patupu hivi, watapafunga.” Akapanda juu ya kreti. “Jamani! Nikisema sasa, asitikisike mtu! Na wewe fundi reli, funga domo.”

“Kwani domo nalo linatoka kwenye picha?”

“Lako litajaza picha nzima.”

Walicheka, kisha wakatulia, mabegi mikononi, nyuso juani. Nilifungua lenzi. Njiwa alipita kwenye tundu la paa. Kwa sekunde ishirini vita vilikuwa mbali kabisa.

Safari hii walitoka wote kwenye picha, hata vifungo vya mashati yao. Shangazi peke yake alikuwa ukungu juu ya kreti: abiria aliyechelewa alitaka tiketi, naye akainama kumkatia.

Niliituma hiyo hiyo. Chini yake niliandika: stesheni ipo kazini.