Mguu wa Tarishi

Kila alfajiri, kabla hajafungua kibanda chake cha kushonea, fundi cherehani aliketi jikoni akaandika mpaka birika lichemke. Likichemka aliweka kalamu chini, hata kama sentensi iko katikati. Hasa ikiwa katikati, maana sentensi iliyokatizwa ilimpa pa kuanzia kesho yake. Kwa mtindo huo alikuwa ameandika riwaya mbili, akazichapisha mwenyewe, akawauzia wateja waliokuja kupunguza sketi. Mchapishaji hakumjua wala hakumtaka.

Usumbufu ulikuwa mmoja tu: wahusika walibaki jikoni vilevile alivyowaacha. Riwaya ya tatu ilimhusu tarishi mzee aliyekwenda kumwomba radhi binti yake. Miaka mitatu tarishi alisimama kando ya jokofu, mara mkono hewani, mara mdomo wazi. Watoto walimpita wakichukua maziwa. Mume alimtundikia koti.

Aliyekuwa na kompyuta ni wifi yake, dada wa mume.

"Lete nikuchapie," wifi alisema. "Mimi na wewe si kitu kimoja?"

Fundi akampelekea yote, isipokuwa mwisho, ambao ulikuwa bado kichwani. Tarishi alikuwa ameinua mguu kupanda ngazi ya mwisho, mlango wa binti uko mbele yake. Kesho yake jikoni hapakuwa na mtu, na koti la mume lilikuwa sakafuni. Fundi alidhani mzee wa watu amechoka, kaenda kujinyoosha.

Miezi ikapita, wifi kila siku ana udhuru. Kisha mteja akaingia na kitabu kwapani, akakisifu kwa jinsi kinavyokatika ghafla, bila nukta. Nyuma ya jalada palikuwa na picha ya wifi, kavaa gauni aliloshonewa na fundi, bure.

Fundi alifunga kibanda akaenda. Sebuleni kwa wifi, kando ya televisheni, tarishi alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, kifundo kimevimba.

"Usininunie, wifi. Wewe ungekiuza hapo kibandani, kikaishia kwa wenye sketi. Mimi nimekipa jina."

"Jina lako."

"La ukoo. Kwani wewe hukuolewa kwetu?"

Fundi alikuwa amemeza mengi ya ukweni, lakini hili lilimkwama kooni. Alimshika tarishi mkono waondoke, ila mtu aliyeinua mguu hatembei.

"Mama, nimalizie," tarishi alisema. "Nimechoka."

Wifi alikuwa ameshavuta kompyuta mapajani. Fundi alimwona. Alijua akinyamaza, kitabu kitabaki kiwete, na mwizi hatapata mwisho maisha yake yote. Akakitazama kile kifundo. Akamwinamia mzee sikioni, akamnong'oneza.

Tarishi alishusha mguu, akabisha ukutani, akayasema maneno yake yote kwa binti, kwa sauti, taratibu. Wifi alichapa hadi la mwisho.

Toleo la pili lilitoka na nukta yake, na picha ileile.

"Ni dada yangu," mume alisema. "Yaishe."

Siku hizi birika likichemka, fundi huliacha lichemke. Humaliza sentensi, huweka nukta, ndipo huepua. Jikoni habaki mtu. Mume alipouliza atundike wapi koti, alimwonyesha msumari.