Kopo la Vifungo

Kikundi kilikuwa kimeshaanza, viti saba vimezungushwa katika chumba cha nyuma cha zahanati, mlango uliposukumwa bila hodi. Kijana mwashi, saruji imemkaukia viatuni, alisimama na karatasi ya majibu mkononi.

"Samahani, natafuta choo."

"Sote tuliingia humu tukitafuta choo," mshonaji alimjibu. "Kaa, mdogo wangu."

Watu wakacheka. Kijana akakaa, akalia hadi kwikwi ikamshika.

Desturi yao ilikuwa hii: aliyepimwa karibuni hupewa mwenyeji wa kumpigia simu kila siku saa ya dawa, mwezi mzima. Mwashi akaangukia kwa mshonaji, akaweka sharti.

"Saa moja asubuhi, dada. Lakini siku usiyomeza wewe, nami simezi."

Mshonaji, huruma imemjaa, akaahidi bila kupima.

Nyumbani kwao mshonaji, aliyejua hali yake ni mama yake tu. Dawa zilifichwa ndani ya kopo la vifungo, na kila asubuhi mama alilitikisa: "Vifungo vyako hivi, mwanangu."

Siku ya kumi na tisa, mama hakuamka.

Asubuhi iliyofuata sebule ilijaa wanawake. Kopo lilikuwa juu ya cherehani, shangazi ameegemea hapohapo. Shangazi ambaye neno likimwingia sikioni, jioni mtaa mzima unalo. Saa moja ikapita. Simu ikalia.

"Dada, leo hujapiga. Umemeza?"

"Nimefiwa na mama."

"Pole sana, dada. Basi leo tu, tuache wote."

Leo tu. Mshonaji alivijua viti vitatu vya kikundi vilivyobaki vitupu kwa neno hilo. Akainuka, simu sikioni, akaruka miguu ya watu, akalichukua kopo.

"We mtoto! Mama yako hajazikwa, unataka kushona?" shangazi akamaka.

Mshonaji akalitikisa, kama alivyokuwa akitikisiwa na mama, na hapo ndipo machozi yaliyogoma tangu jana yalipomtoka. Akatoa kidonge mbele ya macho yote.

"Cha nini hicho?" shangazi akauliza.

"Cha virusi vya Ukimwi, shangazi. Mwaka wa sita huu."

Shangazi akavuta mkeka wake kando. Wa pembeni yake naye akavuta wake.

Mshonaji akameza, maji yakichanganyika na machozi.

"Nimemeza, mdogo wangu. Haya, zamu yako."

Akasubiri pale katikati ya sebule, peke yake, mpaka akasikia upande wa pili wa simu kikombe kikiwekwa mezani.